Kayanga hadi Dar kwa Gari la Familia: Mwongozo wa Safari ya Kwanza

Kutoka Karagwe hadi Dar es Salaam gari hukanyaga ardhi ya mikoa tisa: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Morogoro, Pwani na Dar es Salaam yenyewe. Ni takriban kilomita 1,400. Basi huzimaliza kwa madereva wanaopokezana, wanaoijua kila kona na kila tuta. Familia ya Nkwenda au Nyaishozi iliyonunua Noah yake ya kwanza baada ya msimu wa maharage haina dereva wa pili wa aina hiyo. Ina baba au mama mwenye leseni, watoto watatu, bibi anayekwenda kliniki Dar, na mikungu ya ndizi ya kuwapelekea ndugu.

Safari hiyo inawezekana, na ni tamu. Watoto wanaiona Tanzania kwa macho yao badala ya kuisoma kwenye ramani ya darasani. Lakini mmiliki mpya huikosea katika mambo matatu: anabeba mzigo kupita uwezo wa gari, anaendesha hadi usiku ili ashindane na basi, na analiamini gari ambalo hajalijaribu. Mwongozo huu umepangwa kuzunguka makosa hayo.

Kwanza, lijaribu gari kabla ya kuliamini

Gari lililotoka kwa mtu mwingine, hata likiwa limepakwa rangi likang'aa, lina historia usiyoijua. Wiki mbili kabla ya safari, peleka gari kwa fundi Kayanga au Omurushaka. Usimwambie tu "angalia gari". Mwombe akague haya, nawe uwe umesimama hapo:

1. Timing belt. Noah za zamani zenye injini ya 3S hutumia mkanda wa mpira, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Noah zilizofuata zenye injini ya 1AZ hutumia cheni. Kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, ubadilishe. Ukikatika porini, gari linazimika hapohapo na hakuna fundi wa njiani atakayeliwasha bila mkanda mpya.

2. Mfumo wa kupooza injini. Rejeta, mipira ya maji, pampu ya maji na feni. Gari linaloongeza joto kidogo kwenye vilima vya Karagwe litachemka kabisa kwenye mlima Sekenke likiwa na mzigo.

3. Breki. Pedi, diski na mafuta ya breki. Mafuta ya breki yaliyozeeka hunyonya unyevu, na yakipata joto kwenye mteremko mrefu pedali hulegea.

4. Boljoint, bushi na shokapu. Barabara za changarawe za Kyerwa huzila haraka kuliko lami. Gari linalovuta upande mmoja ukiachia usukani kidogo lina tatizo hapa au kwenye wheel alignment.

5. Taa zote, wiper na honi. Asubuhi za Karagwe huwa na ukungu mzito, na bila taa lori linalokuja halikuoni.

Kisha yaje matairi, na hapa usimwachie fundi peke yake. Kila tairi lina herufi DOT ubavuni, na mwisho wake pana tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2316 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mtumba mwingi unaouzwa una kashata nzuri lakini mpira umekauka. Ukienda kasi kwenye lami yenye jua la Dodoma, unapasuka. Tairi lililozidi miaka 10 lisiende safari hii, hata kama linapendeza. Lililozidi miaka 6 likaguliwe nyufa kwa makini. Angalia na la akiba, ambalo mara nyingi ndilo la zamani kuliko yote.

Upepo pima asubuhi kabla tairi halijapata joto. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kukisia kwa mguu.

Safari ya mtihani: Bukoba na kurudi

Baada ya fundi kumaliza, pakia gari kama utakavyolipakia siku yenyewe, watu na mizigo, uende Bukoba na kurudi siku hiyohiyo. Kutoka Kayanga unapita Bugene, unashuka Kyaka, palipo na daraja la mto Kagera, lile ambalo majeshi ya Idi Amin yalililipua mwaka 1978, kisha unaelekea mjini. Njia nzima ni lami, ina miteremko na kona za kutosha kukuonyesha tabia ya gari, na likiharibika uko jirani na nyumbani.

Safari hii pia inakupa namba ya muhimu kuliko zote: gari lako linakula mafuta kiasi gani. Jaza tanki hadi juu Kayanga na uandike kilomita. Ukirudi, jaza tena hadi juu kituo kilekile. Tuseme umetembea kilomita 230 na zimeingia lita 28. Gari linakwenda kilomita 8.2 kwa lita moja. Gawa 1,400 kwa 8.2, unapata lita 171. Ongeza sehemu ya kumi kwa foleni, mizunguko ya mjini na kupotea njia, na unajua unahitaji takriban lita 188 kwenda tu.

Bei ya mafuta hupangwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila wilaya ina kikomo chake. Kwa kuwa mafuta husafirishwa kutoka bandarini, Kyerwa na Karagwe hulipa zaidi kuliko miji ya mashariki. Hivyo ukienda Dar, jaza ya kukufikisha Kahama na utaona bei ikishuka kadiri unavyosonga. Ukirudi, fanya kinyume: jaza kabla hujaingia magharibi. Usibebe petroli kwenye madumu ndani ya gari lenye watu. Mvuke wake ukikutana na cheche unatosha kuwasha moto.

Mzigo: ndizi zina kilo

Hapa ndipo ukarimu wa watu wa Kagera unapoliumiza gari. Hakuna anayekwenda kwa ndugu Dar mikono mitupu. Mjomba analeta mkungu, jirani analeta mwingine, shangazi anatoa gunia la maharage, na asubuhi ya safari gari limekaa chini kwa nyuma kama limechoka kabla halijaanza.

Fanya hesabu kabla ya kuwajibu ndugu. Noah imetengenezwa kubeba watu 8. Kwa wastani wa kilo 60 kwa mtu, hizo ni kilo 480, mizigo ikiwemo. Familia ya watu 6 imeshatumia 360. Zimebaki 120. Gunia moja la maharage ni kilo 100, na mkungu mkubwa wa ndizi unaweza kufika kilo 30 na zaidi. Kwa hiyo chaguo ni gunia moja, au mikungu mitatu na mabegi. Vyote pamoja haviwezekani. Kinachozidi kipelekwe kwa basi au lori la mizigo. Nauli yake ni ndogo kuliko bei ya tairi moja.

Mzigo mzito ukae chini, karibu na katikati ya gari. Usiupandishe kwenye keria ya juu, kwa sababu gari la juu kama Noah likielemewa kichwani hupinduka kwenye kona ambayo lingeipita salama. Jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba visizikwe chini ya ndizi. Wengi hukumbuka hilo wakiwa wamesimama kando ya barabara Biharamulo, wakishusha mkungu mmoja baada ya mwingine.

Mazao pia yana sheria zake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, mazao yasiyozidi tani 1 yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru, kwa hiyo maharage ya ndugu hayana tatizo. Kahawa mbichi ni jambo jingine. Karagwe na Kyerwa kahawa huuzwa kupitia vyama vya ushirika na serikali inapambana na magendo ya kuivusha kwenda Uganda; gunia la kahawa ya maganda kwenye gari binafsi litakusimamisha muda mrefu. Mkaa na mbao vinahitaji kibali cha wakala wa misitu, TFS. Na tafadhali usibebe miche ya migomba kumpelekea mtu: ugonjwa wa mnyauko umeteketeza mashamba mengi ya Kagera, na miche yenye ugonjwa ni mojawapo ya njia unazosambaa kwazo.

> KISANDUKU: Karatasi na vifaa vya kuwa navyo
>
> ☐ Leseni hai yenye daraja linaloruhusu gari lako
> ☐ Kadi ya gari. Kama bado ina jina la aliyekuuzia, kamilisha kuhamisha umiliki TRA kabla ya safari, au angalau beba mkataba wa mauziano
> ☐ Bima. Ihakiki kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, kwa namba ya gari. Stika bandia zipo
> ☐ Stika ya ukaguzi ya Nenda kwa Usalama
> ☐ Pembetatu mbili za kuakisi mwanga
> ☐ Mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake haujaisha
> ☐ Jeki, spana, kamba ya kuvutia, waya za kuchangia betri
> ☐ Lita 10 za maji ya rejeta, lita 1 ya oili, fyuzi na balbu za akiba
> ☐ Tochi, maji ya kunywa, dawa za wanaotumia dawa kila siku
>
> Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, kwa hiyo asikutishe mtu kwa kukosa stika yake.

Njia ipi?

Kutoka Kayanga hadi Lusahunga, wilayani Biharamulo, kuna njia mbili, na uchaguzi unategemea mvua.

Ya kwanza inakwenda kusini moja kwa moja kupitia Nyaishozi hadi Benaco, kisha inashika barabara kuu ya Rusumo. Ndiyo fupi, chini kidogo ya kilomita 200 hadi Lusahunga. Lakini sehemu ya Bugene hadi Benaco imekuwa ya changarawe kwa miaka mingi na ujenzi wa lami umekuwa ukifanyika kwa vipande. Inapita pia jirani na lililokuwa pori la akiba la Kimisi, ambalo tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Wanyama huvuka, hasa alfajiri na jioni.

Ya pili inazunguka kupitia Kyaka, Bukoba, Muleba na Biharamulo. Inaongeza zaidi ya kilomita 100, ila ni lami mwanzo hadi mwisho. Kwa safari ya kwanza, na hasa kipindi cha mvua za Machi hadi Mei au Septemba hadi Desemba, hii ndiyo njia ya kuchagua. Kilomita mia za lami ni nafuu kuliko saa tatu za kusukuma gari kwenye tope. Kama ni kiangazi na unataka ya Benaco, nenda stendi ya Kayanga jioni ya kabla ya safari uwaulize madereva waliopita siku hiyohiyo. Habari ya wiki iliyopita haitoshi.

Mwenye ndugu Mwanza ana njia ya tatu: kutoka Biharamulo apite Chato na Geita, avuke Ziwa Victoria kwa Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Zamani hapo palikuwa na kivuko na foleni yake. Sasa ni dakika chache tu.

Wanaotoka Murongo, Kaisho, Isingiro au Nkwenda wasianze safari ndefu siku hiyohiyo. Lala Kayanga au Omurushaka usiku wa kwanza. Barabara ya kutoka Kyerwa, gari likiwa na mzigo, ni kipimo tosha: kelele mpya yoyote iliyoanza njiani ipelekwe kwa fundi kabla ya kulala.

Siku nne, si usiku mmoja

Mwaka 2023 serikali iliruhusu mabasi kusafiri usiku baada ya katazo la miaka mingi. Maana yake kwa mwenye gari dogo ni kwamba usiku sasa una mabasi yenye haraka, malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, na mengine yaliyoharibika barabarani bila taa, yakiwa na matawi ya miti tu kama onyo. Usiendeshe usiku. Gawa safari hivi:

1. Siku ya kwanza: Kayanga hadi Kahama. Ndiyo siku ngumu. Ondoka saa 12 asubuhi. Kati ya Biharamulo, Lusahunga na Nyakanazi ni msitu mtupu. Miaka ya nyuma mabasi yalisindikizwa na askari hapa kwa sababu ya majambazi. Hali imebadilika sana, lakini pita mchana na usisimame bila sababu. Usiipite Kahama jioni kwa tamaa ya kufika Nzega.

2. Siku ya pili: Kahama hadi Singida. Malori huongezeka kuanzia bandari kavu ya Isaka. Baada ya Igunga unaingia mbuga ya Wembere, tambarare iliyonyooka yenye ng'ombe wengi, inayoleta usingizi. Kisha unaupanda Sekenke. Panda kwa gia ndogo, zima kiyoyozi, na usilipite lori mahali usipoona mbele. Ukirudi utaushuka mlima huohuo, na ndipo hatari kubwa ilipo.

3. Siku ya tatu: Singida hadi Dodoma. Ni kilomita 240 hivi. Utafika mapema, na hiyo ndiyo shabaha. Angalia oili, maji na matairi, watoto wacheze, dereva alale. Kuwa makini na mteremko wa Saranda baada ya Manyoni.

4. Siku ya nne: Dodoma hadi Dar es Salaam. Kilomita 450 hivi, ambazo 190 za mwisho kutoka Morogoro ndizo zenye msongamano. Kumbuka kwamba jua la Dar huzama karibu nusu saa kabla ya la Karagwe, kwa kuwa mji uko mbali mashariki. Mtu wa Kayanga anayetegemea mwanga hadi saa 1 jioni atajikuta gizani Kibaha.

Wenye madereva wawili wenye leseni na uzoefu wanaweza kuunganisha siku ya pili na ya tatu. Mwenye dereva mmoja asijaribu. Na kama bibi au watoto wamechoka sana Dodoma, kuna suluhisho ambalo halikuwepo zamani: treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar mwaka 2024. Watangulie kwa treni, gari lifuate.

Barabarani

Pumzika kila baada ya saa mbili. Usingizi wa dereva huja zaidi alfajiri na baada ya chakula cha mchana, kati ya saa 8 na saa 10. Kufungua dirisha, muziki mkubwa na soda haviuondoi. Vinauahirisha kwa dakika chache. Dalili ni kupiga miayo mfululizo, kutokumbuka kijiji ulichopita, na gari kuanza kugusa mstari. Ukiona moja, ingia kituo cha mafuta ulale dakika 20.

Kwenye vijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na kibao cha kuingilia kijiji ndicho kinachokuhukumu, hata kama huoni nyumba. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000. Ukiandikiwa, pokea namba ya malipo ulipe kwa simu au benki. Usitoe fedha mkononi. Mizani haikuhusu kama gari lako na mzigo havifiki kilo 3,500, lakini mwenye Coaster lazima aingie.

Kwenye mteremko mrefu shuka kwa gia uliyopandia. Gari la automatiki lina 2 na L kwa kazi hiyo. Wengi huendesha miaka mingi bila kuzigusa. Kukanyaga breki mfululizo huichemsha hadi ikakosa nguvu. Ukinusa harufu ya kuungua, simama mahali salama na usubiri ipoe, bila kuimwagia maji.

Mshale wa joto ukipanda, zima injini na usiguse mfuniko wa rejeta kwa angalau nusu saa. Maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kumbabua mtu uso.

Ikitokea ajali yenye majeruhi, piga 112, weka pembetatu mbele na nyuma, na uripoti kituo cha polisi kilicho karibu. Polisi ndio watoao fomu ya PF3 inayohitajika kwa matibabu ya majeruhi. Moto ni 114.

> KISANDUKU: Kulala ndani ya gari
>
> Viti vya Noah na Hiace nyingi hulala, na baadhi ya familia hupunguza gharama kwa kulala humo. Wageni kutoka Ulaya wanaopita Mutukula na Rusumo wakiwa na magari yenye vitanda wamewaonyesha wengi kwamba inawezekana. Masharti ni haya:
>
> – Egesha kwenye kituo cha mafuta chenye mlinzi na taa, na uombe ruhusa kwanza. Kamwe usilale kando ya barabara.
> – Usiache injini ikinguruma vioo vikiwa vimefungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.
> – Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata likiwa limebaki makaa tu.
> – Acha vioo viwili wazi kidogo, uvifunike kwa wavu wa mbu.
> – Dereva apewe nafasi ya kunyoosha mwili. Akikosa, alipiwe chumba yeye peke yake.

Kabla ya kurudi

Dar si mwisho wa safari. Ni nusu yake. Siku mbili kabla ya kugeuza, mwaga oili kama kilomita zimefika, kagua pedi na upime matairi upya. Angalia kwa namba ya gari kama una faini kwenye mfumo wa Polisi au deni la maegesho la TARURA, kwa sababu maegesho ya mijini hurekodiwa hata usipomwona mtu akikuandikia.

Na hesabu ile ya kilo inarudi palepale. Ndugu wa Dar watataka kukupa friji, magodoro na mabati. Watajie uzito uliobaki kwenye gari lako, uwashukuru, na umwombe mmoja wao akusindikize hadi kwenye ofisi ya mizigo.